Simu ya Bure ya Miezi Thelathini na Sita

Harmon Grove, Iowa
9 Juni 2024

Kaka yangu Orrin,

Nianze na wewe kabla ya yote. Mzima? Magoti yamekufikisha juu ya mlima, au nyumbu wamekubeba kama mzigo wa viazi? Huku tunaamka salama, tunalala salama, na katikati tunagombana kidogo ili damu izunguke. Binti yangu Janelle amepata kazi mpya ofisi ya bima, anavaa viatu virefu mpaka anatembea kama bata kwenye barafu. Mjukuu wangu Posy ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa hawezi kutaja jina lake mwenyewe. Mahindi ya jirani yamefika magotini, na hata nusu ya Juni haijafika.

Jumatano tulikuwa na chakula cha jioni kanisani. Nilipeleka sinia nne za nyama ya kusaga na viazi, zikafutwa. Bi Dahlquist akaleta tena ile jeli yake ya kijani yenye karoti ndani. Tuliisifia sana, hakuna aliyeigusa, akairudisha nyumbani nzima kama alivyokuja nayo. Ni mwaka wa tisa huu.

Sasa nikwambie lililonikalisha chini niandike. Nimepita dukani kwa watu wetu wa simu. Pale kuna kijana anaitwa Tanner, mpole, ana masikio makubwa, anamwita kila mtu mama. Wana ofa. Unawapa simu yako ya zamani, ya hali yoyote ile, wao wanakupa mpya bure. Bure, Orrin! Masharti yao ni haya: muwe laini mbili au zaidi kwenye kifurushi kimoja cha familia, na kila mwenye laini asaini kwa mkono wake kwamba atakaa miezi thelathini na sita. Mwisho wa ofa ni tarehe 31 Agosti.

Unajua kifurushi chetu kilikotoka. Marehemu mume wangu Harlan alipokianzisha mwaka 2007 tulikuwa laini sita, bili ilikuwa nene kama gazeti la Jumapili. Janelle akaolewa akaenda kwenye kifurushi cha mumewe. Harlan mwenyewe akatutoka. Hawa wakahama, wale wakahama, sasa tumebaki mimi na wewe. Ukitoka wewe hakuna ofa, na kifurushi chenyewe kinavunjwa, maana mtu mmoja si familia. Wameandika hivyo kabisa kwenye karatasi yao, nimesoma mara mbili kwa miwani.

Kwa hiyo nakuomba simu yako kuukuu na sahihi yako. Mwaka huu sijataka kitu kingine kama ninavyotaka hiki, na unajua mimi si mtu wa kuomba.

Mdogo wako,
Verna


Mnara wa Tamsin, Idaho
27 Juni

Mdogo wangu Verna,

Barua yako ilipanda mlima mgongoni mwa nyumbu anayeitwa Naibu, imebanwa katikati ya vitunguu na betri, ndiyo maana nimeisoma nikitoa machozi. Usijisifu, ni vitunguu. Nafurahi kusikia mko wazima. Mwambie Posy jina lake halina faida kubwa, asijali.

Mimi ni mzima kuliko nilivyotarajia. Upande wa kaskazini bado kuna theluji, upande wa kusini matunda pori yanaanza kuiva na dubu mmoja ameshakuja kuyakagua. Tangu nipande kwenye mnara huu wa kulinda msitu dhidi ya moto nimeona moshi mara mbili nikatoa taarifa kwa redio. Wa kwanza ulikuwa radi imepiga mti. Wa pili ulikuwa watalii wanachoma soseji. Loma, mwanamke mwenye nyumbu, anapanda kila wiki mbili kuleta chakula na barua, na kila mara ananitazama kama anahesabu kama nimepungua.

Kuhusu simu. Simu yangu haipo. Nirekebishe: ipo, ila mahali ilipo hapafikiki. Tarehe 30 Mei niliingia chooni na simu mfuko wa nyuma wa suruali. Unakumbuka nilikueleza choo cha huku, shimo la futi nane na ubao wenye tundu. Nikasikia inagonga ubao, kisha nikasikia kitu kingine ambacho sitakiandika kwa mwanamke anayepika chakula cha kanisa. Ilikuwa inawaka bado. Ilimulika kule chini dakika kumi na mbili, nikasimama pale nikiitazama kwa heshima mpaka ilipozima.

Wala sina haja ya hiyo ya bure. Verna, nilifundisha hesabu miaka thelathini na moja, nihurumie. Muulize huyo Tanner: ili tupewe simu za bure, si lazima tupande kwenye kifurushi kikubwa? Atasema ndiyo. Hicho kinazidi chetu kwa dola thelathini kila mwezi. Zidisha kwa thelathini na sita. Na hiyo thamani ya simu ya zamani hawakupi mkononi, wanakurudishia kidogo kidogo kwenye bili, ukiondoka kabla ya muda iliyobaki imepotea. Mimi Septemba nikishuka nitanunua simu iliyotumika kwa dola mia mbili na hamsini, nitalipa pale pale na kutoka nayo mfukoni. Mfuko wa mbele.

Na kwa kuwa tumeligusa: nikishuka nitatoka kwenye kifurushi. Kuna kampuni ndogo ya kulipia mwezi kwa mwezi, inanitosha. Wewe kuna mpango wa mtu mmoja kwa wazee wa umri wetu, wenye bei nafuu kuliko unacholipa sasa. Nimekupigia hesabu nyuma ya karatasi hii. Sababu nyingine ninazo, haziko kwenye hesabu, na hizo nakuomba usiniulize.

Kaka yako,
Orrin


Harmon Grove
11 Julai

Kaka Orrin,

Salamu kwanza, ingawa hustahili. Sisi wazima. Janelle ameanguka ngazini kwa vile viatu, hakuumia, aibu tu. Nyanya zangu zimeanza kuiva. Tarehe nne, sikukuu ya uhuru, tulirusha fataki nyuma ya shule na mbwa wa Bi Dahlquist akakimbilia chini ya meza yenye jeli. Hata yeye hakuila.

Nilisoma habari ya choo mbele ya watu saluni na nikacheka mpaka msusi akanikata nywele za upande mmoja. Kisha nikaenda kwa Tanner. Nikamwuliza, mwanangu, ukisema hali yoyote, unamaanisha yoyote? Akasema, mama, hata iliyovunjika kioo, hata isiyowaka. Nikamwuliza, na iliyoanguka mahali? Akasema mahali gani? Nikamwambia mahali pa chini. Akafikiri maji ya ziwa. Akasema, mama, hali yoyote ni hali yoyote.

Umesikia mwenyewe. Iopoe.

Usiniletee habari ya hesabu. Nimeiona nyuma ya karatasi, ina mshale na imepigiwa mistari kama mtihani, nadhani nimepata alama tatu kwa kumi. Najua bure yao si bure. Nimepika jikoni kwa shule miaka ishirini na sita, hakuna mtu aliyenipa kitu bure bila kutaka nimuoshee sufuria. Kwani nimekwambia natafuta faida?

Hizo sababu zako sikuulizi. Ila nauliza hivi, na hili si kuuliza sababu: mzee wa miaka sabini na nne anaogopa nini miezi thelathini na sita? Wewe kule juu unakaa na radi kwenye kibanda cha vioo, unalala na dubu mlangoni, sahihi yako tu ndiyo inakushinda? Una mpango gani usionieleza? Unahamia Alaska? Maana uliwahi kuniambia mambo ya Alaska.

Nakuuliza tu. Ukitoweka tena mimi sitaki kusikia kwa watu.

Nyanya za kwanza nimekukaushia, ziko kwenye kifuko. Usimpe dubu.

Verna


Mnara wa Tamsin
2 Agosti

Verna mdogo wangu,

Nyanya zimefika, zimeliwa, dubu hakuambulia kitu. Huku jua kali, mlima umekauka, na ofisi ya misitu inaniita kwa redio kila saa kuuliza hali. Nimeona moshi mara tano wiki hii. Macho yangu mazima, kabla hujauliza. Pole kwa Janelle. Mwambie avue viatu.

Sasa kaa chini. Nimeiopoa.

Siku ya kwanza nilitumia mpini wa koleo na waya wa kuanikia nguo. Nilipata kofia niliyoipoteza mwaka juzi. Siku ya pili nikafunga chujio la tambi kwenye ufito wa futi tisa, nikavaa miwani ya wazima moto na kitambaa puani, nikalala kifudifudi kwenye ubao na tochi mdomoni. Ndipo redio iliponiita kutoka kiunoni. "Mnara wa Tamsin, hali ikoje hapo?" Sheria ni kujibu mara moja. Nikatema tochi, ikaenda ilikokwenda. Nikajibu, "Tamsin hapa, hali nzuri." Yule binti wa redio akasema, "Sauti yako inatoka kwenye pango, mzee. Unaona vizuri?" Nikamwambia, "Naona zaidi ya ninavyopenda."

Siku ya tatu chujio likaja na simu. Nilikaa nayo kwenye nyasi nikiwa nimefurahi kupita kiasi, kwa mtu wa umri wangu na kwa kitu cha namna ile. Nimeiosha mara nne. Nimeiweka kwenye mifuko mitatu, kisha kwenye kopo la kahawa, nikafunga kwa utepe wa gundi. Loma alikataa kuibeba. Akasema nyumbu wake wana utu. Tulibishana nusu saa mpaka nikamwahidi chujio jipya, maana alisikia habari na anajua anakula tambi kwangu kila akipanda. Kopo limefungwa kwenye mkia wa msafara, kwa Naibu, ambaye alinitazama vibaya.

Mpe Tanner kwa ajili ya laini yako, kama wanakubali. Hiyo ni zawadi yangu. Lakini sisaini, Verna. Si habari ya Alaska. Alaska ilikuwa maneno tu. Ni kwamba mimi si mtu wa kusaini kitu cha miezi thelathini na sita na mtu mwingine upande wa pili. Wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote aliye hai. Septemba natoka, na tutaandikiana kama tunavyoandikiana sasa, na hakuna kitakachobadilika.

Naomba tusilirudie.

Orrin


Harmon Grove
14 Agosti

Orrin,

Sote wazima. Salamu zimeisha.

Hapana, ngoja nikueleze la kopo kwanza, maana usipocheka hutasoma mpaka mwisho. Kopo lilifika Jumatatu. Mpeleka barua hakulitia kwenye sanduku, aliliacha katikati ya bustani akapiga honi. Nikalipeleka dukani kwenye buti la gari, madirisha yote wazi. Tanner akafungua mfuko wa kwanza, sawa. Akafungua wa pili, wateja wawili wakakumbuka wana shughuli mahali. Akafungua wa tatu, akasema, "Mama... ziwa gani hili?" Nikamweleza. Yule mtoto akaenda kwenye sinki lao. Kisha akavaa glavu za kuoshea vyombo, akasoma namba nyuma ya simu akiwa amegeuza uso pembeni, akaiandika kwenye kompyuta. Na kompyuta ikakubali, Orrin! Bei kamili. Meneja akaja mbio kutoka nyuma kuuliza nani amekufa, Tanner akamwonyesha tangazo lao wenyewe ukutani: hali yoyote. Meneja akalisoma lote, akarudi nyuma akafunga mlango.

Kwa hiyo simu imekubaliwa. Kilichobaki ni sahihi yako peke yake. Fomu iko ndani ya bahasha hii, nimeweka alama ya msalaba kwa penseli pale pa kusaini.

Sasa nikwambie kweli, na sitaiandika mara ya pili.

Simu yangu ni nzima. Sihitaji mpya. Tanner angenipa tofali nisingejali.

Mama alipofariki hukuja kumzika. Nilikwambia maneno kwenye simu siku ile ambayo nisingemwambia mbwa, ukakata, na hatukuongea miaka minne. Wewe unadhani miaka minne ile sikujua uko wapi. Nilijua. Bili ilikuwa inakuja kila tarehe tatu ya mwezi, na laini yako ilikuwa ndani yake, ya tano kutoka juu. Harlan alitaka kuitoa, akasema mtu mwenyewe hatutaki, tunambebea laini ya nini. Nikamwambia ukiigusa laini hiyo utapika mwenyewe. Kila tarehe tatu nilifungua bahasha nikiwa nimesimama kwenye sanduku la barua, sikungoja kufika ndani, nikaangalia dakika ulizoongea. Dakika arobaini. Dakika kumi na tisa. Mwezi mmoja dakika mbili, nikakosa raha mwezi mzima, uliofuata zikawa sitini na moja, nikawapikia watoto wa shule keki. Sikujua unaongea na nani. Nilijua una mdomo na unautumia.

Hiyo ndiyo familia niliyokuwa nayo upande wa kwetu, Orrin. Mstari mmoja kwenye bili.

Sasa unaniambia unatoka na hakuna kitakachobadilika. Siku utakayokasirika tena, au mimi nitakapokukasirisha, maana mdomo wangu unaujua, nitaangalia wapi? Ndiyo maana nataka usaini. Nataka kampuni ikufunge, kwa kuwa mimi siwezi. Ni aibu kuiandika, nimeiandika.

Nimempigia msimamizi wa msitu kuuliza kama nyumbu wanapanda. Kasema ndiyo, labda. Mwisho ni tarehe 31.

Verna


Grangeville, Idaho
14 Septemba

Mdogo wangu Verna,

Niko bondeni, mezani kwenye mgahawa, mbele yangu kuna mayai matatu na kahawa iliyopikwa na mtu mwingine. Nimekonda kidogo, ndevu zimenishinda, vinginevyo mzima kabisa. Msimu umeisha. Mvua ilinyesha tarehe nane ikazima kila kitu, ikanizimia na kazi.

Barua yako nimeipata tarehe sita Septemba. Moto wa bonde la Pell ulifunga njia kuanzia tarehe kumi na nane Agosti, Loma hakuweza kupanda karibu wiki tatu. Moto wenyewe niliuona mimi wa kwanza, saa nne asubuhi, uzi mwembamba wa moshi nyuma ya kilima. Kwa hiyo nilitoa taarifa ya moto uliozuia barua yako. Nilikula dengu siku kumi na saba. Loma alipofika alikupa pole kabla ya kunipa mimi, akasema, "Dadako kapiga simu ofisi ya misitu mara sita, kamwita msimamizi mwanangu, na sasa msimamizi anakuogopa wewe."

Niliisoma nimekaa ngazini. Nikaisoma tena. Loma aliuliza kuna msiba, nikamwambia hapana, ni bili ya simu. Ofa ilikuwa imekufa siku sita nyuma.

Umeniambia kweli, na sasa unanidai ya kwangu. Wiki ya mwisho ya Mama nilimwambia kwenye simu, nakuja Alhamisi. Nilikuwa na mizigo tayari kwenye gari. Nikafika mpaka Wyoming, nusu ya njia ya kuja kwenu. Nikalala hotelini pale siku mbili, nikashindwa kwenda mbele, kwa kuwa sikutaka kumwona akiwa vile. Akafa Ijumaa ananingoja. Uliniambia uliyoniambia na yote yalikuwa sawa. Sikukukasirikia wewe hata siku moja miaka ile minne. Nilikuwa na haya, Verna, na haya ya mzee ni kitu cha kijinga, inamkalisha mtu kimya mpaka watu wadhani amenuna.

Tangu siku ile sijamwahidi mtu kitu kinachozidi wiki moja. Kazi ya mnara ni ya msimu, nyumba napanga mwezi kwa mwezi, hata maziwa nanunua madogo. Ulipoleta fomu ya miezi thelathini na sita nikaona Alhamisi nyingine. Nikasema bora nitoke mwenyewe kwa adabu kabla sijakukosea tena. Hiyo ndiyo sababu niliyokukataza kuniuliza, na sasa umeipata bila kuuliza, kama kawaida yako.

Lakini kuna jambo hulijui. Katika miaka ile minne nilikwenda mara tatu kwenye duka la simu kule Boise kujitoa kwenye kifurushi. Nilijiona sina haki ya kukaa kwenye karatasi yenu. Kila mara karani alinipa fomu ya kuondoka, na kwenye fomu kulikuwa na mstari unasema: eleza sababu ya kuondoka. Mara tatu nikakaa na kalamu. Mimi niliyesahihisha mitihani ya wengine sikupata neno la kuandika. Nikaikunja, nikarudi nyumbani. Nadhani ule mwezi wa dakika sitini na moja nilipiga simu ya hali ya hewa ya Iowa na kuisikiliza mpaka mwisho, mara nyingi. Walikuwa wanasema kama mvua imenyesha kwenu.

Fomu yako ningeipata Agosti ningeisaini. Nimelifikiria hili toka mlimani mpaka hapa na nina hakika. Baada ya kusoma barua ile ningesaini hata miezi mia. Na wewe kila tarehe tatu ungeniona kwenye bili na usingejua kama nimebaki kwa ajili yako au kwa ajili ya simu. Kwa hiyo nashukuru moto. Ninasema hivyo kama mtu, si kama mfanyakazi wa misitu.

Leo asubuhi nimenunua simu iliyotumika, dola mia mbili na arobaini, wamenipunguzia kumi kwa ajili ya ndevu. Nimelipa yote, ni yangu, sidaiwi na mtu. Kisha nikavuka barabara kwenda kwa watu wetu wa kampuni, wana duka hapa pia. Nikamwambia binti wa mezani kwamba simu ninayo tayari, ninachotaka ni laini yangu iwekwe ndani yake, kwenye kifurushi kile kile, chini ya jina lako, pale ilipo. Alishangaa. Hawa wamezoea mtu akitaka simu anachukua na kamba yake, hawakumbuki tena kuwa simu na laini ni vitu viwili. Akajaribu kuniuzia miezi thelathini na sita. Nikakataa. Akajaribu miezi ishirini na minne. Nikamwambia, binti yangu, mimi nimeopoa simu kwenye choo kwa ajili ya kampuni yenu, tuheshimiane.

Basi akaandika anayoandika, akanigeuzia kompyuta nione. Akasema kwa upole, kama mtu anayemwonya mzee asiibiwe, "Unaelewa, babu, hapa hakuna mkataba. Hakuna kinachokufunga. Unaweza kuondoka siku yoyote unayotaka."

Nikamwambia naelewa vizuri. Nimeweza kuondoka siku yoyote tangu mwaka 2007.

Kaka yako,
Orrin